Maji Yanayobaki Baada ya Kunyoa

Wazee wetu, mafundi wenzangu wa kunyoa na kunoa, na nyinyi ndugu zangu mliokuja jioni hii na nyembe za marehemu babu zenu zimezungushiwa leso, nawasalimu kwa heshima zote.

Iko methali ambayo hakuna kinyozi asiyeijua: ukiona mwenzako ananyolewa, wewe zako tia maji. Watu huitumia kuonyana juu ya mambo makubwa ya dunia, lakini sisi tunaoshika wembe tuna haki ya kuisikia kama maelezo ya kazi, na kwa upande huo imetuachia njiani, kwa sababu imetaja maji yanayotiwa kwenye nywele na haikutaja maji yanayobaki kwenye wembe baada ya mtu kuinuka kitini. Mazungumzo yangu yanahusu maji hayo ya pili. Nitadai, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba katika mji kama huu wetu wa Mombasa wembe wa kukunja hauuawi na ndevu wala na uzee, bali huuawa na saa chache zinazofuata baada ya kunyoa, wakati mwenyewe ameshauweka na ameshasahau kwamba aliushika.

Ninaposema wembe wa kukunja sikusudii kile kiwembe chembamba kinachouzwa ndani ya karatasi na kutupwa kikiisha. Nakusudia wembe mzito wa kipande kimoja, wenye mgongo mnene na ubavu uliochimbwa ndani, unaokunjika ukalala katika mpini wake kama kisu cha mfukoni. Nyingi mlizonazo mikononi zimechapwa shinani jina la Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani, na chache zina jina la Thiers ya Ufaransa, miji mitatu ambayo kwa vizazi vingi iliishi kwa visu, mikasi na nyembe. Zilifuliwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 1 au kupita kidogo, na kaboni hiyo ndiyo iliyozipa ugumu wa kushika makali. Kinga dhidi ya maji haikuzipa hata kidogo.

Tuanze na kutu yenyewe. Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma. Huchimbwa kikiwa mawe mekundu, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, na hulazimishwa kuachana nayo kwa moto mkali wa tanuri. Kikipewa maji na hewa kwa pamoja kitarudi kushikana nayo. Hewa kavu peke yake haikidhuru sana, na maji yasiyo na hewa yoyote ndani yake hayakidhuru sana pia, ila sisi hatunyoi mahali penye kimoja bila kingine. Tena kutu inapotokea huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba, hupasuka na kumeguka, ikaacha chuma kipya wazi kwa maji yanayofuata. Alumini ikishikana na oksijeni hujivika ngozi ngumu inayoikinga. Chuma cha kawaida hakina bahati hiyo.

Mwanasayansi mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Ulick Evans, alieleza vizuri kinachotokea chini ya tone moja la maji ya chumvi lililotulia juu ya chuma. Pembezoni mwa tone oksijeni huingia kwa wingi, katikati huwa haba, na tofauti hiyo hugeuza sehemu ile ndogo ikawa kama betri: chuma huyeyuka pale katikati, na kutu hujikusanya kwa duara kuzunguka. Ndiyo maana mkiutazama kwa kioo cha kukuzia wembe ulioachwa na tone moja mtakuta kiduara chekundu, na mkikisugua kikatoka, katikati yake panabaki kishimo cheusi. Kiduara huondoka kwa kitambaa na mafuta. Kishimo ni chuma kilichokwisha kuondoka, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Sasa nawaomba mfikirie kishimo hicho kikiwa kwenye makali badala ya ubavuni. Unywele wa kichwani una unene wa takriban mikroni 70, yaani sehemu 70 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, na makali ya wembe ulionolewa vizuri hayafiki unene wa mikroni 1. Ubavu wa wembe unaweza kupoteza mikroni mbili tatu za chuma na pasiwe na mtu atakayejua mpaka kiama. Makali yakipoteza kiasi hicho hicho, yamekwisha. Kutu isiyoonekana kwa macho, isiyo nyekundu bado, inayofanya kazi usiku mmoja tu, inatosha kuyala makali yote, na asubuhi wembe unang'aa vilevile kama jana. Mtu aliyenyoa vizuri Ijumaa, akaurudia wembe Jumatatu ukawa unavuta ndevu, husema umeisha makali na huniletea niunoe. Mimi nalipwa kwa hilo na nashukuru, lakini uaminifu unanilazimu kusema kwamba sehemu kubwa ya kunoa ninakofanya ni kufukuza ulikaji ambao taulo lingeuzuia.

Mtauliza kwa nini jambo hili liwe zito hapa kuliko Nairobi au Arusha. Jibu ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75, na haiachi mpaka imejiyeyusha yenyewe. Akina mama wanalijua hili bila maabara, ndiyo maana hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Hewa ya Mombasa, Lamu au Unguja hufika na kupita kiwango hicho mara nyingi mno, hasa usiku na hasa masika, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini huleta chembechembe za chumvi ambazo hutua juu ya kila kitu: vyuma vya madirisha, baiskeli, misumari ya mabati, na wembe ulioachwa wazi juu ya meza. Wembe wenye utando wa chumvi, hata uliopanguswa, hujitafutia maji wenyewe usiku. Na chumvi haiji kwa upepo peke yake. Iko katika jasho la uso, iko katika vidole vyetu, na iko, jambo ambalo wengi hawalitilii maanani, katika maji ya visima vya kisiwa hiki, ambayo tunayatumia kunyolea na kusuuzia mifereji inapokauka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kinga ni chaguo la maji ya mwisho. Nyoeni kwa maji yoyote mliyonayo, lakini suuzo la mwisho la wembe liwe la maji matamu, na kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya kunywa kinatosha. Yakiwa ya moto ni bora zaidi, kwa sababu chuma kilichopata joto hukauka upesi. Hata hivyo msiutumbukize wembe wote ukaloweka, maana maji yakiingia kwenye pini ya shinani, pale mpini unaposhikana na chuma, hayatoki kwa urahisi. Pini ile ndiyo sehemu inayokufa mwanzo katika nyembe za zamani. Nimefungua nyembe ambazo ubavu wake ni kioo na shina lake limeliwa nusu, kwa kuwa kila siku kwa miaka mwenyewe alikuwa akizichovya zote majini kama kijiko cha chai.

Hatua ya pili ni kukausha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudhani wanakausha kumbe wanapangusa. Taulo hupitishwa kutoka mgongoni kuelekea makali, upande mmoja kisha wa pili, na kamwe halipitishwi kwa urefu wa makali, kwa usalama wa kidole na wa makali pia. Kisha kipande cha kitambaa kilichokunjwa huingizwa ndani ya mpini, kati ya pande zake mbili, kwa sababu povu lililotelezea humo hubaki bichi hadi kesho yake, na wembe ukifungwa utalala humo ukitazamana nalo. Baada ya hapo bado makali yenyewe yana unyevu, ule utepe mwembamba wa maji ambao hakuna taulo linaloufikia. Huo huondolewa kwa kuupitisha wembe mara 10 hivi juu ya kitambaa kisafi cha kitani au turubai kilichovutwa kikakaza, mgongo ukitangulia, kama tufanyavyo tunapouweka sawa kwenye ukanda wa ngozi. Mafundi wa zamani walifunga kanda mbili kwenye ndoano moja, ya kitambaa na ya ngozi, na vijana wengi wanaonunua ukanda leo huikata ile ya kitambaa wakidhani ni pambo. Na mwisho wa yote wembe uachwe wazi, haukufungwa, kwa muda wa saa moja au mbili, mahali pakavu penye hewa, mbali na mtoto anayeweza kuulilia.

Jambo dogo kuhusu shabu, kwa kuwa nimeona kosa hili likirudiwa na mafundi hodari. Shabu hutuliza ngozi iliyokwaruzwa na inastahili sifa zake, ila maji ya shabu ni ya asidi, na kinyozi akishaipaka usoni kwa mkono uliolowa, mkono huo huo huushika wembe kuuweka. Osheni mikono kwanza.

Baada ya kukausha ndipo mafuta yanapoingia, na nasisitiza utaratibu huo. Mafuta hayafukuzi maji yaliyokwisha kukaa juu ya chuma. Huyafunika, na yaliyofunikwa yanaendelea na kazi yao kwa utulivu. Niliwahi kuipaka mafuta mengi seti nzima ya nyembe jioni moja ya mwezi wa Aprili, nikijisifu kwa bidii yangu, baada ya kuzifuta juujuu tu. Nilipozifungua baada ya wiki tatu nilikuta chini ya mafuta madoa mekundu yaliyopangika sawasawa na michirizi ya kitambaa nilichotumia. Mafuta yalikuwa mengi na mazuri. Kilichokosekana ni dakika mbili za kukausha.

Mafuta gani? Mafuta mepesi ya cherehani yanatosha kwa kila mtu aliyeko hapa, tone moja kwa kila upande, likasambazwa kwa kitambaa mpaka chuma kionekane kama kimepuliziwa pumzi. Kwa wembe utakaolala miezi mingi, mafuta mazito ya mgando yale tunayopaka midomo ni bora zaidi, kwa sababu hayatiririki. Najua wengi mtaniuliza kuhusu mafuta ya nazi, kwa kuwa tumezaliwa nayo na kila nyumba inayo. Yaliyosafishwa vizuri si mabaya kwa wembe unaotumika kila siku, lakini yale tunayopika nyumbani kwa tui mara nyingi hubaki na maji kidogo ndani yake, na yakikaa huchacha, na mafuta yaliyochacha huwa na asidi. Tena yeyote atakayeyapeleka Nairobi atashangaa kuyakuta yameganda, kwani huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya ufuta na ya alizeti nayaacha jikoni, kwa sababu hewani hugeuka polepole yakawa kama gundi, na gundi kwenye pini ya wembe ni msiba mwingine kabisa.

Hapa niruhusuni nipite Japani mara moja. Mafundi wa huko wanaotunza panga za kale huzipaka mafuta mepesi sana yanayoitwa choji, na neno hilo choji maana yake ni karafuu, kwa kuwa mafuta hayo hutiwa mafuta ya karafuu kidogo. Nililifurahia jambo hili nilipolijua, nikafikiri juu ya Pemba na mikarafuu yake. Lakini msikimbilie kuzipaka nyembe zenu mafuta makali ya karafuu yenyewe. Yale ya panga yana karafuu kiasi kidogo mno ndani ya mafuta mengine, na karafuu kali huwasha ngozi ya uso na huweza kulainisha baadhi ya mipini ya plastiki. Tulichukue la msingi, ambalo ni wepesi wa mafuta na ukonde wa tabaka lake. Kabla ya kunyoa tena yafuteni yote, maana yakifika kwenye ukanda wa ngozi huuharibu.

Kuhusu mahali pa kuuweka wembe, nitasema machache. Bafuni hapafai, hata kama kabati lake lina kioo kizuri. Kifuko cha ngozi, ambacho wengi hudhani ndicho heshima ya wembe, hakifai kwa kuhifadhia ingawa kinafaa kwa safari ya siku mbili, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu wa hewa na hubaki na chumvi na asidi za kiwandani ilikotengenezwa. Sanduku la mbao kavu lenye nafasi ya kupitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya punje nyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ni makao mema, ilimradi mkumbuke kwamba vipakiti hivyo hushiba, na vilivyoshiba havina kazi tena mpaka punje zikaushwe kwa joto. Wale wanaolala na kiyoyozi wajihadhari na jambo moja. Chupa ya soda ikitolewa kwenye jokofu hutoka jasho, na wembe uliolala chumbani penye baridi ukitolewa barazani hufanya hivyo hivyo, jasho jembamba lisiloonekana. Anayesafiri kwa basi lenye kiyoyozi kutoka bara auache wembe ndani ya boksi lake, umefungwa, hadi upate joto la hapa, ndipo aufungue.

Nimefika sasa kwenye adui ambaye hamumtarajii, na ndiye aliyenifanya nikubali kuzungumza jioni hii. Adui huyo ni mpini.

Mipini ya nyembe imetengenezwa kwa vitu vingi: pembe za ng'ombe na nyati, mbao, mifupa, magamba ya kasa, na pembe za ndovu, ambazo katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko lake kubwa na mafundi wa Sheffield walikuwa miongoni mwa waliozitumia kwa wingi kwa vipini. Lakini baada ya John Wesley Hyatt wa Marekani kupata hataza ya seluloidi mwaka 1870, plastiki hiyo ya kwanza iliyofanikiwa kibiashara ilianza kuigiza vitu hivyo vyote kwa bei ndogo. Inaweza kufanana na pembe ya ndovu hata mistari yake, inaweza kufanana na gamba la kasa, inaweza kuwa ya rangi ya asali inayopenya mwanga. Hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, ikachanganywa na kafuri. Na pamba ile haisahau asidi yake. Baada ya miaka 60, 80 au 100, bila kuguswa na mtu, seluloidi huanza kuoza kutoka ndani na kutoa mvuke ambao ukikutana na unyevu wa hewa hurudi kuwa asidi ya nitriki, na wembe umelala katikati yake, umekumbatiwa pande zote mbili.

Niliwahi kununua nyembe saba kwa pamoja, mali ya nyumba iliyokuwa ikihamwa. Sita zilikuwa na mipini ya pembe nyeusi, na mmoja ulikuwa na mpini wa rangi ya asali, mzuri kuliko yote. Nilizisafisha, nikazikausha kwa utaratibu niliowaeleza, nikazipaka mafuta, nikazifungia zote katika bati la biskuti lenye mfuniko mkazo ili chumvi ya hewa isiingie. Nilijiona nimefanya kila lililo la busara. Nilipolifungua baada ya miezi mitano lilinipiga kwanza harufu ya kafuri, ambayo sisi huku tunaijua kwa maziko kuliko kwa kitu kingine, na nyuma yake harufu kali ya kuwasha pua. Wembe wa mpini wa asali ulikuwa umefunikwa kutu nyekundu sehemu ile tu inayolala ndani ya mpini, kana kwamba mtu ameipaka kwa brashi. Shina lililobaki nje lilikuwa safi. Nyembe mbili zilizolala karibu yake nazo zilikuwa zimeota madoa. Lile bati nililolifunga kwa kuzuia ubaya wa nje lilikuwa limeufungia ubaya wa ndani.

Basi chunguzeni mipini yenu usiku huu. Kama ni seluloidi, kwa kawaida mkiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto itatoa harufu ya kafuri, na hiyo peke yake si ugonjwa. Dalili za ugonjwa ni nyufa ndogondogo zilizokatana kama udongo wa bwawa lililokauka, mnato kama jasho juu yake, ukungu katika rangi iliyokuwa ikipenya mwanga, na kutu inayofuata umbo la mpini. Mpini wenye dalili hizi utolewe, wembe ufanyiwe mpini mwingine, na ule mbovu usiwekwe pamoja na nyembe nyingine hata kwa kumbukumbu. Wala usijaribiwe kwa kiberiti kama wengine wanavyoelekezana, kwani seluloidi huwaka kwa kasi ya kutisha. Ile ambayo ni nzima bado iwekwe mahali penye hewa inayopita, isifungiwe kwenye bati wala mfuko wa plastiki, na mafuta kwenye wembe wake yabadilishwe kila mwezi badala ya kila msimu.

Kuna atakayesema: kwa nini taabu yote hii, si tununue stenlesi? Swali ni la haki. Chuma kisichoshika kutu kinafungamana na Sheffield hiyo hiyo, ambako mwaka 1913 Harry Brearley, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisichochakaa upesi, alimimina chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na baadaye akaona kwamba asidi zake za maabara hazikiumi kama kawaida. Kromiamu ikizidi asilimia 10.5 hivi hujenga juu ya chuma utando mwembamba mno usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe maadamu kuna hewa. Lakini wembe unahitaji kaboni ili uwe mgumu, na kaboni ina tabia ya kuishika kromiamu na kuifunga, ikabaki kidogo ya kulinda. Kwa hiyo wembe wa stenlesi hukawia kushika kutu, si kwamba haushiki, na chumvi ndiyo hasa inayojua kuutoboa ule utando. Ukiachwa na maji ya kisima wiki nzima utaona vishimo vidogo vyeusi, vichache na virefu. Mnunulie mtu mvivu stenlesi, lakini mfundisheni kukausha.

Kwa wenzangu wenye vibanda, liko neno la afya ambalo siwezi kuliruka. Wembe wa kukunja wa kipande kimoja ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na hakuna kitambaa wala spiriti ya haraka haraka inayompa mteja wa pili haki yake. Kwa umma tumieni kishikio chenye kiwembe cha kubadilisha, kiwembe kipya kwa kila uso, kilichotumika kikitupwa ndani ya chombo kigumu. Nalitaja kwa sababu kishikio nacho ni chuma, na maji ya klorini ya asilimia 0.5 tunayoyatumia kuua vijidudu hula chuma, hata stenlesi. Dakika 10 ndizo zinazohitajika. Kukiacha kishikio humo mchana kutwa hakukisafishi zaidi, hukitoboa tu. Kioshwe kwanza kwa sabuni, kitiwe klorini kwa muda wake, kisuuzwe kwa maji matamu, kikaushwe. Na spiriti ya asilimia 70 jueni kwamba ile 30 iliyobaki karibu yote ni maji, hivyo baada yake kitambaa kikavu ni lazima.

Namalizia na nyembe ambazo kutu imeshaingia, maana najua ndizo zilizowaleta. Dawa ya nyumbani ni ndimu na majivu, na kwa kisu cha jikoni sina ugomvi nayo. Kwa wembe ndimu ni hatari, kwa sababu asidi yake haichagui kati ya kutu na chuma kizuri: hukiacha kijivu, hufuta maandishi ya mapambo ubavuni, na isiposuuzwa barabara huanza kutu mpya kabla ya magharibi. Anzeni kwa mafuta ya cherehani yaliyoachwa usiku kucha, kisha kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kisha dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba kwa kitambaa. Ikikataa, msasa wa maji namba 1000 kwenda 2000, ukiwa umezungushiwa kipande cha mpira, mkisugua kutoka mgongoni kwenda nje, na makali yakiwa yamefunikwa kwa utepe. Weusi uliotulia, usiomeguka, uacheni. Si kutu ile nyekundu inayoendelea kula, na wembe wa miaka 100 una haki ya kuwa na sura yake.

Msimpe yeyote mwenye mashine ya kusaga au ya kung'arisha inayozunguka. Wembe ulipewa ugumu wake kwa moto mkali na kuzimwa ghafla, kisha ukatulizwa kwa joto la chini tu, na ubavu wake ni mwembamba kiasi kwamba hupata moto kabla mkono haujahisi. Ukiona rangi ya majani makavu imetokea karibu na makali, joto limeshapita nyuzi 200. Ukiona buluu, limefika kama nyuzi 300, na hapo mmebaki na kisu cha kukatia karatasi. Kishimo kikiwa ubavuni, mbali na makali, kinaweza kuishi hapo maisha yake yote bila kudhuru. Kikiwa kwenye makali, itabidi kinoo kisage chuma mpaka kipite kishimo, na wakati mwingine kishimo cha pili kipo nyuma ya cha kwanza, na cha tatu nyuma ya hicho, na fundi mwaminifu atakuambia uuweke kabatini kwa kumbukumbu ya mzee.

Vinoo vyangu vimeshalowekwa pale mezani na kioo cha kukuzia kipo. Leteni mmoja mmoja, zimefungwa, mpini mbele. Wenye mipini ya rangi ya asali waanzie nje barazani, tuifungulie huko kwenye hewa.